Nani aliandika maneno chini ya picha?

Tarehe 28 Februari 1531, katika mji wa Augsburg kusini mwa Ujerumani, mchapaji Heinrich Steyner alitoa kijitabu cha mashairi ya Kilatini. Mtunzi wake, Andrea Alciato wa Milan, alikuwa mwanasheria, profesa aliyegombewa na vyuo vikuu vya Italia na Ufaransa. Jean Calvin, aliyekuja kuwa kiongozi wa Waprotestanti, alipokuwa bado kijana mwanafunzi wa sheria, alikwenda hadi Bourges mwaka 1529 ili amsikilize akifundisha. Mashairi yalikuwa mafupi, 104 kwa jumla, mengi yametafsiriwa au kuigwa kutoka Kigiriki cha kale, na kila moja lilikuwa na kichwa cha maneno machache. Lakini kilichokifanya kijitabu hicho kuwa mwanzo wa aina mpya kabisa ya vitabu ni kitu ambacho, kwa ushahidi uliopo, Alciato mwenyewe hakukiagiza. Ni picha.

Steyner ndiye aliyeziweka. Aliwaeleza wasomaji mwanzoni mwa kitabu kwamba vijipicha vile vingewasaidia wasio wasomi sana kuelewa alichokusudia mwandishi. Huo ni uamuzi wa mfanyabiashara, na mimi nauheshimu, kwa sababu kutokana nao vilizaliwa vitabu vya nembo: vitabu ambavyo kila ukurasa una kichwa cha maneno machache, picha chini yake, kisha shairi fupi linalofungua kile ambacho kichwa na picha vimekificha. Kwa karibu miaka 200 Ulaya ilivisoma vitabu hivi kwa hamu kubwa. Kitabu cha Alciato peke yake kilitolewa upya zaidi ya mara 150, kikatafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano, na nembo zake zikaongezeka hadi kufika 212.

Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa. Nakaa mbele ya kompyuta katika kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam nikipanga kalenda, vitabu vya shule, kadi za harusi na taarifa za mwaka za mashirika. Picha inakuja peke yake, maneno yanakuja peke yake, nami ndiye ninayevikutanisha. Kwa hiyo nilipoanza kuvisoma vitabu vya nembo mtandaoni, jicho langu lilitua kwenye ukurasa kabla ya kutua kwenye shairi. Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, kina hazina kubwa ya vitabu hivi, iliyokusanywa na William Stirling Maxwell katika karne ya 19, na kimeweka mtandaoni matoleo 22 ya Alciato ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua bila kulipa. Ukiyapanga sawia, toleo la 1531 kando ya yaliyofuata, unaona mambo ambayo historia za fasihi huyapita haraka.

Toleo la Steyner limepangwa vibaya. Kichwa kinaweza kubaki chini ya ukurasa mmoja na shairi likaangukia ukurasa wa pili, picha nayo ikabanwa popote ilipopata nafasi. Alciato hakulipenda. Mwaka 1534 mchapaji Christian Wechel wa Paris alitoa toleo lililopata ridhaa yake, likiwa na nembo 113, na akafanya jambo ambalo kwa mpanga kurasa ni mapinduzi: kila nembo aliipa ukurasa wake. Kichwa juu, picha katikati, shairi chini, basi. Msomaji akifungua anakiona kitu kizima kwa mara moja. Naamini kwamba nembo, kama tunavyoijua, ilizaliwa kwa Wechel, pale sehemu zile tatu zilipopewa nyumba moja.

Ufundi wenyewe uliwezesha hayo. Mchongaji alichukua kipande cha mbao ngumu, akachimba na kuondoa sehemu zote zinazotakiwa kubaki nyeupe, mistari ya picha ikabaki imesimama juu. Kipande kile kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, kwa hiyo kilifungwa pamoja nazo ndani ya fremu moja, vikapakwa wino kwa pamoja na kuchapwa kwa mkandamizo mmoja. Baadaye, wasomaji matajiri walipotaka picha laini zaidi, wachapaji wakahamia kwenye mabamba ya shaba. Hapo mambo hugeuka: mstari unachimbwa ndani ya bamba, wino unakaa kwenye mifereji, na karatasi iliyoloweshwa inabanwa kwa roli nzito ili iuvute. Bamba la namna hiyo haliwezi kuchapwa pamoja na herufi. Karatasi ile ile lazima ipite mara mbili, kwenye mitambo miwili tofauti, na ikisogea kidogo tu picha inapanda juu ya shairi. Ninapoona kitabu cha shaba ambacho kila kitu kimekaa mahali pake, namwonea fahari mtu nisiyemjua aliyesimama kwenye mtambo ule.

Mbao na shaba zote zilidumu kuliko vitabu vyenyewe. Nyumba ya uchapaji ya Christophe Plantin mjini Antwerp, ambayo sasa ni makumbusho, bado inatunza maelfu ya mbao zake. Kwa mchapaji, picha iliyokwisha kuchongwa ilikuwa mtaji: aliiazima, aliiuza, aliirudisha kazini chini ya kichwa kingine. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo swali ambalo limenifanya niandike makala haya.

Chukua nembo ya Alciato kuhusu ukimya. Picha inamwonyesha msomi ndani ya chumba chake, vitabu mbele yake, kidole kimewekwa midomoni. Mtu yeyote akionyeshwa picha hiyo bila maneno atasema: huyu ni mwenye hekima, anatafakari, anaomba asisumbuliwe. Sasa soma shairi. Linasema kwamba mpumbavu akinyamaza hana tofauti yoyote na wenye hekima. Ulimi na sauti yake ndivyo vinavyomfichua. Basi na abane midomo, aweke kidole, ajigeuze kuwa Harpocrates wa Misri. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Mithali 17:28, ambayo ina wazo hilo hilo. Lakini angalia ukurasa unavyofanya kazi. Ukimaliza kusoma, unamrudia yule mtu wa pichani na hujui tena ni nani. Amevaa kama msomi, ana vitabu kama msomi, na kwa sababu amenyamaza hakuna namna ya kumjua. Shairi peke yake lisingeweza kukufikisha hapo, wala picha peke yake. Imebidi uende na kurudi.

Harpocrates mwenyewe ana kisa chake. Wamisri wa kale walimchora mungu Horus, akiwa mtoto, na kidole mdomoni, kwa sababu ndivyo walivyoonyesha utoto. Hata katika maandishi yao alama ya mtoto ina mkono unaoelekea mdomoni. Wagiriki na Warumi waliiona ishara ile wakadhani anaamuru watu wanyamaze, wakamfanya mungu wa ukimya. Hivyo mtoto wa Kiafrika anayenyonya kidole alisafiri karne nyingi na kuishia kuwa fundisho kwa wapumbavu wa Ulaya.

Na huo haukuwa mkanganyo wa pembeni. Mwaka 1419 msafiri Cristoforo Buondelmonti alipata katika kisiwa cha Andros, Ugiriki, hati ya Kigiriki inayodai kueleza maandishi ya Misri, yenye jina la mwandishi Horapollo. Wasomi wa Italia waliipokea kama ufunguo wa hazina. Waliamini kwamba makuhani wa Misri waliandika kwa picha tupu, bila sauti wala herufi, na kwamba kila mnyama na kila chombo kilibeba wazo zima ambalo wenye hekima pekee waliweza kulisoma. Mchapaji Aldus Manutius aliichapisha mjini Venice mwaka 1505. Ilibidi kusubiri hadi 1822, msomi wa Kifaransa Champollion alipoonyesha kwamba alama nyingi za Misri zinawakilisha sauti. Kwa miaka mia nne Ulaya ilijaribu kuandika kama Wamisri, na ilichopata ni kitu ambacho Wamisri hawakuwahi kuwa nacho. Kimoja kati ya vyanzo vya vitabu vya nembo ni heshima kubwa kwa Afrika iliyojengwa juu ya kutoielewa.

Kabla sijafika kwenye nembo inayoniuma, niseme kuhusu ninazozipenda. Kuna kofia ya chuma ya askari iliyoachwa chini baada ya vita, nyuki wameingia wakafanya mzinga, kichwa kinasema kwamba amani hutoka vitani. Kuna kipofu aliyembeba kiwete mabegani, wazo lililotoka kwenye mashairi ya Kigiriki. Hii nimejaribu kuitia katika mizani yetu:

Kiwete yu mabegani, kipofu amechukua,
Naye kwa macho hulipa, njia akaitambua,
Mmoja alichokosa, mwenziwe akamwinua,
Huyu akopesha macho, yule miguu hutoa.

Mashairi ya Alciato yanakaa vizuri katika ubeti wa mistari minne. Ni mafupi, yana mgongano ndani yake, na mara nyingi mstari wa mwisho ndio unaofunga fundo, kama ilivyo desturi kwetu. Ningependa sana kuona washairi wenye uwezo kuliko mimi wakizitafsiri nembo zote 212.

Lakini ile ninayoirudia mara kwa mara ni nembo ya umaskini. Mtu amesimama, mkono wa kulia umeshika jiwe zito, mkono wa kushoto umefungwa mbawa. Mkono wenye mbawa unapanda juu, wenye jiwe unavutwa chini, na mwili umenyooka katikati kama kamba inayovutwa pande mbili. Kichwa kinasema kwamba umaskini huwazuia wenye vipaji vikubwa wasisonge mbele. Anayezungumza kwenye shairi ni yule mtu mwenyewe: mbawa zinaniinua, mzigo unanizamisha, kwa akili yangu ningeweza kuruka hadi kwenye ngome za juu, kama umaskini wenye kijicho usingenikandamiza.

Nimewaonyesha vijana wa kazini picha hiyo na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mmoja alimtaja mtu anayemjua: dada aliyefaulu akakosa ada, jirani fundi wa redio asiyekuwa na mtaji hata wa meza. Yule mtu analalamika, na shairi linamwacha alalamike bila kumwambia kwamba avumilie wala kwamba ajitume. Kwa kitabu cha mafunzo ya maadili, huo ni ukarimu wa pekee. Hapa uanasheria wa Alciato nauona wazi: ameleta shahidi, amemwacha aseme mwenyewe, kisha amekaa.

Baada ya Alciato aina hii ilienea upesi. Guillaume de la Perrière na Gilles Corrozet waliandika za Kifaransa, zikachapwa Paris karibu na mwaka 1540. Plantin alichapa za Joannes Sambucus mwaka 1564. Waholanzi walizipeleka nyumbani na sokoni: Roemer Visscher, katika kitabu chake cha 1614, alichukua vitu vya kawaida vya maisha, na kwa picha ya maua ya tulip akaandika kwamba mpumbavu na fedha zake huachana upesi, zaidi ya miaka 20 kabla ya bei za tulip kupanda na kuanguka kwa kishindo. Otto van Veen, mwalimu wa mchoraji Rubens, alitoa nembo za mapenzi mwaka 1608, na nembo zake za mashairi ya Horatius, mshairi wa Roma ya kale, zilivuka bahari hadi Salvador, Brazili, ambako zimechorwa kwenye vigae vya buluu vya nyumba ya watawa ya São Francisco. Wajesuiti walizitumia kufundisha sala. Michael Maier alizitungia muziki. Malkia Mary wa Scotland, akiwa kifungoni Uingereza, alizitarizi kwa sindano na uzi.

Georgette de Montenay nampa nafasi zaidi, maana mara nyingi husahauliwa. Alikuwa Mprotestanti wa Ufaransa wakati ambapo Waprotestanti waliwindwa, na kitabu chake cha nembo 100, kilichotoka Lyon mwaka 1567 kikiwa na picha za shaba za Pierre Woeiriot, kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha nembo za Kikristo. Nembo ya kwanza kabisa inamwonyesha Malkia Jeanne d'Albret wa Navarre akijenga ukuta kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, chini ya maneno kwamba mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba. Fungua vitabu vya wanaume wa wakati ule utaona wanawake wamejaa kila mahali, lakini wakiwa Bahati, Wivu, Haki, Uvivu. Kwa Montenay kuna mwanamke mwenye jina lake, anafanya kazi.

Turudi Augsburg, kwa sababu kitabu cha 1531 kimetabarukiwa kwa mtu wa mji huo, Konrad Peutinger, msomi na mshauri wa kaizari. Katika shairi la kumtunukia kitabu, Alciato anaeleza kwamba wakati watoto wanacheza kwa karanga, vijana kwa dadu na wavivu kwa karata, yeye saa zake za mapumziko amezitumia kufua nembo hizi, ili watu wazipachike kwenye nguo na kofia, na kila mmoja aweze kuandika kwa alama za kimya. Msomaji aliyekulia penye kanga anaelewa mara moja maana ya kuvaa neno ili lisemwe bila mdomo kufunguka.

Peutinger huyu alikuwa ameoa katika familia ya Welser, matajiri wakubwa wa Augsburg. Mkewe Margarete alikuwa binti wa Anton Welser. Mwaka 1505 Wareno walipoandaa msafara mkubwa wa Francisco de Almeida kwenda India, akina Welser waliongoza wafanyabiashara wa Kijerumani waliotia fedha humo, na Peutinger aliandika kwa fahari kwamba ni sifa kwa watu wa Augsburg kuwa Wajerumani wa kwanza kuitafuta India. Msafara huo ndio ulioivamia Kilwa mwezi Julai 1505, ukaichukua, kisha mwezi Agosti ukaiteketeza Mombasa. Wakala wa Welser, Balthasar Springer, alisafiri nao na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1509. Na ndiyo 1505 ile ile, mwaka ambao Aldus alichapisha Venice kitabu cha hekima ya Misri.

Sisemi kwamba kitabu cha nembo kiliichoma Mombasa. Ninachosema ni kwamba meza ambayo kijitabu cha Alciato kilitua juu yake ilikuwa ni meza ya nyumba yenye ndoa na fedha ndani ya habari zetu. Nikiwa mtu wa pwani, siwezi kuliona jina la Peutinger kwenye ukurasa ule nikapita tu.

Nembo inayoniuma ina kichwa cha neno moja: lisilowezekana. Katika matoleo yenye picha, mtu mweusi amekaa uchi au nusu uchi, na wazungu wamemzunguka wanamwosha. Shairi ni mistari miwili: kwa nini unamwosha Mwethiopia bure? Acha, hakuna awezaye kuliangaza giza la usiku mweusi.

Msemo wenyewe ni wa kale sana. Kwa Wagiriki, Mwethiopia alikuwa mtu mweusi yeyote wa kusini mwa Misri, na kumwosha kulimaanisha kazi ya bure. Kuna hadithi miongoni mwa zile za Aesop kuhusu mtu aliyenunua mtumwa mweusi akadhani rangi yake imetokana na uzembe wa bwana wake wa kwanza. Akamsugua na kumwosha hadi yule mtu akaugua, na rangi ikabaki pale pale. Yeremia 13:23 nayo inauliza kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake, au chui madoadoa yake. Msomi wa Kiholanzi Erasmus aliuweka msemo huo katika mkusanyo wake mashuhuri wa methali, na Alciato akauchukua.

Msemo ukitajwa kwa mdomo, anayechekwa ni muoshaji. Yeye ndiye mjinga, yeye ndiye anayepoteza maji. Lakini picha haiwezi kuonyesha kazi ya bure bila kumweka mtu pale ifanyiwe juu yake. Mchongaji lazima achonge mwili, bega, uso, na jicho la msomaji linatua hapo kwanza. Tayari shairi limekwisha kumfananisha mtu na usiku. Kilichokuwa methali kuhusu upotevu wa nguvu kimegeuka kuwa picha ya mtu ambaye rangi yake ni kasoro isiyo na dawa, na kila aliyefungua ukurasa ule ameshuhudia kwa macho yake. Geoffrey Whitney, Mwingereza aliyetoa kitabu chake Leiden mwaka 1586 katika nyumba ya Plantin, aliichukua nembo hiyo na kuandika kwamba maumbile yana nguvu ya kuitunza rangi yake ya awali. Karne tatu baadaye matangazo ya sabuni ya Kiingereza yalimchora mtoto mweusi akioshwa, na safari hii maneno ya chini yalidai kwamba inawezekana.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na ushahidi upo. Mwaka 1521, miaka kumi kabla ya kijitabu cha Steyner, Albrecht Dürer akiwa Antwerp alimchora kwa kalamu ya fedha msichana wa Kiafrika aliyekuwa akimtumikia wakala wa biashara wa Ureno. Kichwa kimefunikwa kitambaa, macho yanatazama chini, na juu ya mchoro Dürer aliandika mwaka, jina na umri: Katharina, miaka 20. Maneno hayo machache yanatosha kumfanya asiwe mfano wa kitu chochote. Na katika tamthilia ya Pericles ya Shakespeare, iliyochapishwa 1609, shujaa mmoja anapita na ngao yenye nembo ya Mwethiopia mweusi anayenyoosha mkono kulifikia jua, na maneno ya Kilatini yanasema: nuru yako ndiyo uhai wangu. Mtu mweusi yule yule, nyakati zile zile, amepewa maneno mengine, na sasa ndiye anayepanda kuelekea juu.

Ndiyo maana nilitaja kuazimwa kwa picha. George Wither, mshairi wa London, alipata mabamba ya shaba yaliyochongwa na Crispin de Passe kwa ajili ya kitabu cha Gabriel Rollenhagen zaidi ya miaka 20 nyuma. Beti za zamani zilikuwa zimekatwa na kuondolewa kwenye mabamba, na Wither hakuona haja ya kuzifuata. Alizitazama picha 200, akaandika alichoona yeye, na mwaka 1635 akatoa kitabu kikubwa, tena akaweka mwishoni gurudumu la bahati nasibu ili msomaji azungushe mshale na kupangiwa nembo yake. Francis Quarles alifanya karibu hivyo hivyo mwaka huo huo kwa picha nyingi zilizotoka kwenye vitabu vya Wajesuiti, akaziandikia mashairi ya Kiingereza kwa wasomaji wa Kiprotestanti. Hakuna aliyewaona wezi wala wahuni. Kuandika upya chini ya picha ya mwingine ilikuwa sehemu halali ya sanaa hii tangu siku Steyner alipoweka picha juu ya mashairi ya mtu ambaye hakumwuliza.

Basi nami nimeitumia haki hiyo. Nimeichukua picha ya lisilowezekana jinsi ilivyo, sikugusa mstari hata mmoja wa mchongaji, nikaufuta ubeti wa Kilatini kwenye nakala yangu na kupanga ubeti mwingine mahali pake, kwa herufi za ukubwa ule ule na nafasi ile ile. Anayezungumza ni aliyekaa:

Maji mmeyamaliza, rangi yangu haitoki,
Mwatoka jasho mwilini, kusugua hamchoki,
Sikuomba kuogeshwa, wala mimi sichafuki,
Jibuni nikiuliza: mwaosha nini, rafiki?